Kwa nini wasihamie bonde la pili?
Umeuliza kwa nini kulungu na elki (jamaa wakubwa wa kulungu) wa Wyoming, jimbo la Marekani, wasihamie tu kwingine machimbo ya kokoto yanapofunguliwa. Tatizo ni kwamba theluji nzito ya milimani imekwisha kuwasukuma hadi mabonde ya chini, ambako kokoto nayo hupatikana kwa wingi kandokando ya mito, na miezi hiyo ya baridi hutegemea sana mafuta waliyojiwekea mwilini majira ya joto, maana vijiti wanavyotafuna haviwatoshi. Jike mwenye mimba anayekurupushwa na matipa kila siku, akipiga mbio katika theluji inayomfika kifuani, huunguza akiba asiyoweza kuirudisha mpaka majani yachipue. Sharti la kusimamisha kazi kuanzia 15 Novemba hadi 30 Aprili, ambalo ni la kawaida katika ardhi ya serikali kuu huko, kwangu ni nusu ya dawa, kwa sababu vichaka vya malisho vikishang'olewa huchukua miongo kadhaa kuota tena.