Ushauri kwa wanaoanza kuhakiki rasimu za kuhamisha mawasiliano kati ya mitandao

Niliposhika rasimu ya kiwango cha kiufundi kwa mara ya kwanza, hapa Bukavu, niliisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho nikirekebisha koma njiani, na kosa kubwa likanipita. Siku hizi, rasimu inayohusu kuhamisha mawasiliano kutoka mtandao mmoja usiotumia waya hadi mwingine naianzia kwenye michoro ya ujumbe unaopita kati ya simu na mitandao hiyo miwili. Kwa kila mshale nauliza: ujumbe huu ukipotea, nani atajua, na atasubiri muda gani kabla ya kuurudia?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ujumbe mwingi wa aina hii hutumwa wakati kiungo cha zamani kinadhoofika, yaani saa ileile ambayo ni rahisi zaidi kupotea. Kiwango cha 802.21 cha mwaka 2008 cha IEEE (jumuiya ya wahandisi inayotunga viwango vya kiufundi), kilichokusudiwa kuziwezesha Wi-Fi, WiMAX (intaneti isiyotumia waya ya masafa marefu) na mitandao ya simu za mkononi kupeana taarifa kwa namna moja, kina tukio linalotangaza kwamba kiungo kinaelekea kukatika. Huo ni utabiri, na utabiri hukosea: mtu anayeteremka kwa miguu kutoka Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, hufichwa na kona ya kilima kwa sekunde chache, kisha mawimbi yanarudi kama kawaida. Tafuteni basi mahali rasimu inapoeleza simu ifanye nini ikiwa imekwisha kuanza kuhama na kiungo cha zamani kikapona, na nani aachilie nafasi iliyokwisha kutengwa kwenye mtandao mpya. Mara nyingi hamtapaona.

Sentensi isemayo simu ihame pale mtandao wa jirani unapokuwa na nguvu zaidi ichunguzeni vilevile, kwani bila kutaja zaidi kwa kiasi gani na kwa muda gani, simu itarukaruka kati ya minara miwili. LTE, teknolojia ya simu ya kizazi cha nne (4G), inaweka vigezo vyote viwili: pengo la nguvu za mawimbi la hadi desibeli 15, kwa hatua za nusu desibeli, na muda wa kusubiri wa kuanzia milisekunde 0 hadi 5120.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna mtego wetu. Katika hati za IEEE, "shall" ni sharti na "should" ni pendekezo tu. Anayeyatafsiri yote mawili kichwani kuwa "doit", yaani lazima, ataona sharti mahali lisipokuwepo.

Someni pia mipaka ya kazi ya rasimu. Simu inayonasa mtandao wa Rwanda karibu na daraja la Ruzizi, mpakani, na kukata mazungumzo ni kero ya kweli, lakini inategemea mapatano ya kampuni za nchi mbili, na maoni juu yake yatakataliwa kwa haki.

Maoni yangu ya kwanza yenye maana yalisema tu kwamba kifungu fulani hakieleweki. Yalirudi yakiwa yamekataliwa, kwa sababu sikupendekeza maneno mbadala. Duru iliyofuata nilitaja ukurasa, mstari na kasoro, kisha nikaandika sentensi mbili kamili za kuziba pengo, nikitaja kipima muda na hatua ya kuchukua kinapokwisha. Zilipokelewa, mhariri alibadilisha neno moja.