Chombo cha maua cha Bizen kinavuja, nikipake vanishi?

Mkuu, hicho chombo cha Bizen ulicholetewa kutoka Japani, unachosema kinatoa jasho chini na kuacha alama mezani, usithubutu kukipaka vanishi! Bizen, ule ufinyanzi wa kule Okayama, haina ule mng'ao wa kupakwa kabisa, ni udongo mtupu unachomwa kwa kuni za msonobari siku 10 hadi 14 mfululizo, hayo madoa kama ufuta begani ni jivu lililorukia likayeyuka humo humo tanuruni, na kama kuna mistari myekundu basi ni alama ya majani makavu ya mpunga, sasa ukipaka vanishi umeua kila kitu na bei nayo kwaheri. Kijaze maji ukiache siku kadhaa, vingi hujiziba taratibu, kwa sasa weka kisahani chini. Kabla ya kuweka maua kiloweshe chote, rangi inakolea hadi utashangaa. Kukisugua kwa stilwaya usithubutu. Halafu lile boksi la mbao lenye maandishi ya wino, jamani usitupe (mimi langu nusura niwekee misumari), pale ndo kuna saini ya fundi mwenyewe, bila hilo siku ukiuza utaonekana mbabaishaji.