Kabla Hujageuza Maandishi Kuwa Picha, Hesabu Nyota Zako

Shangazi yangu anauza mukene, yaani dagaa, Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi niko Kampala. Kila Jumapili jioni hunitumia bei za wiki kwa ujumbe wa sauti, nami naandika orodha, naigeuza picha, namrudishia aiweke kwenye stetasi ya WhatsApp na kwenye vikundi vya wateja. Kwa nini picha? Kwa sababu wateja wake hawafungui PDF. Wengine wanaogopa bando litaliwa, na wengi hawaoni sababu ya kubonyeza kitu kisichojionyesha chenyewe.

Siku moja akanipigia alfajiri. "Baba, watu wanasema ile namba yako ya kulipia haiingii."

Nikafungua picha. Wanaolipa kwa MoMo, pesa za simu za MTN, hupiga *165*3# ndipo waingize namba ya duka. Nilikuwa nimeiandika sawasawa, lakini kwenye picha 165 ilikuwa imelala mshazari, ikafuatwa na 3#. Nyota zote mbili hazipo.

Kosa ni langu. Naandika kwa Markdown, mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004: faili ni maandishi matupu yenye alama chache, # mbele ya kichwa cha habari, nyota huku na huku ya neno unalotaka lilale. Sasa *165*3# mbele ya programu ni nyota, namba, nyota. Inadhani unataka 165 ilale, inailaza, na nyota inazimeza. Dawa ni kutanguliza alama ya \ kwa kila nyota, hivi: \*165\*3#. Tangu siku ile, nikimaliza kuandika nazihesabu nyota kwenye faili, halafu nazihesabu tena kwenye picha.

Mtego mwingine ni wa mistari. Ukiandika bei tatu zikifuatana, kila moja kwenye mstari wake, zinatoka "Kikombe 2,000/= Kilo 9,000/= Gunia piga simu", utadhani ni mlevi anazungumza. Markdown huihesabu mistari inayoshikana kuwa aya moja. Ama uache mstari mtupu katikati, ama uiambie programu iheshimu mistari yako, kama ninavyofanya hapa chini kwa hard_line_breaks.

Tuje kwenye kugeuza. Natumia Pandoc, programu ya kugeuza faili za maandishi kutoka aina moja kwenda nyingine, ambayo yenyewe haitoi picha. Inatoa PDF au ukurasa wa HTML, na kazi ya picha inabaki kwa chombo kingine. Nilianza na kivinjari: Chromium inaweza kupiga picha ukurasa bila kufungua dirisha, ukiipa --headless na --screenshot. Kwa kadi fupi inafaa kabisa. Ila inapiga kile tu kinachoenea kwenye ukubwa uliotaja, na orodha ikizidi, mkia unakatwa bila onyo lolote. Bei ya sangara ilipotea hivyo, na shangazi akashinda anajibu simu za sangara. Siku hizi napitia PDF kwa amri mbili, ya kwanza inatengeneza PDF, ya pili (pdftoppm) inaigeuza picha:

pandoc -f markdown+hard_line_breaks bei.md -o bei.pdf --pdf-engine=xelatex -V geometry:a6paper -V geometry:margin=8mm -V pagestyle=empty

pdftoppm -png -r 260 bei.pdf bei

Hiyo xelatex, programu ambayo Pandoc huitegemea kuipanga PDF, ni mzigo mkubwa kupakua, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya mtu mwenye roho nzuri.

Tazama hapo palipoandikwa a6paper, maana ndipo wengi wanapokosea. Wanatengeneza ukurasa wa A4, wanaugeuza picha, kisha wanashangaa mbona hausomeki. A4 ina upana wa sentimita 21, na skrini ya simu ni kama sentimita 7. Herufi zako zimebaki theluthi. Ukiongeza -r, yaani wingi wa nukta kwa kila inchi, unapata faili zito zaidi, lakini herufi ni zilezile ndogo, na mteja bado atavuta kwa vidole viwili. Ukienda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuchapisha bango, unaulizwa karatasi ya ukubwa gani kabla ya lolote. Nasi tujiulize vivyo hivyo. A6 ni nusu ya upana wa A4, na kwa -r 260 unapata picha ya pikseli kama 1,075 kwa 1,515. Hiyo inaijaza simu vizuri. Orodha ikivuka ukurasa mmoja, pdftoppm inatoa bei-1, bei-2, na kuendelea, hakuna kinachokatwa.

Toa PNG, si JPEG. JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, na kwenye maandishi inaacha ukungu pembezoni mwa herufi. WhatsApp itaibana na kuifanya JPEG tu ukiituma kama picha, najua, lakini afadhali ibanwe mara moja kuliko mara mbili. Bonyeza HD kabla ya kutuma.

Vile vikatuni vya samaki anavyovipenda shangazi, xelatex inaviacha tu kama fonti haina. Onyo linapita kwenye skrini haraka, nawe umeshaangalia pembeni. Ukichanganya na Luganda, ikague pia ile ŋ kwa macho.

Na usitume picha peke yake. Namba iliyo ndani ya picha hainakiliki kirahisi, na asiyeona, simu yake huenda isimsomee. Bandika maandishi yaleyale chini ya picha. Ila WhatsApp nayo hulaza maneno kwa alama zake, basi nayo ikague.

Jumapili iliyopita nilimtumia picha yeye kwanza, nikampigia anisomee. Akavaa miwani.

"Nyota. Moja sita tano. Nyota. Tatu. Reli." Akanyamaza kidogo. "Haya, lakini kikombe umeandika bei ya wiki jana."