Kukosa pumzi baada ya kufukua lundo la samadi

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana miaka 26 na tunalima mahindi na tumbaku wilayani Urambo, mkoani Tabora. Tangu utotoni amekuwa akitoka majipu na mitoki, na mjomba wetu, ndugu wa tumbo moja na mama, alifariki kijana kwa maradhi ya kifua. Mwaka jana alimaliza dozi ya kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonesha vimelea. Majuzi alifukua lundo la samadi na magunzi yaliyooza. Siku ya 4 akashikwa na homa na kukosa pumzi. VVU hana. Daktari mmoja ametaja fangasi wa mapafu na upungufu wa kinga wa kurithi. Je, ataniambukiza? Nina mimba ya miezi 7.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hali ya kaka yako haingoji gazeti, ndiyo maana tulikupigia simu kwanza, ukamfikisha hospitali.

Hakuambukizi. Ule unga wa kijivu unaofuka jembe uma linapoinua magunzi yaliyooza umejaa vimbegu vya kuvu, yaani fangasi, aitwaye aspegilasi, ambavyo sote huvivuta na seli nyeupe za damu huviua. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi (kwa Kiingereza chronic granulomatous disease), ambao kwa maelezo yako ndio ninaoushuku zaidi, seli hizo humeza vimelea vizuri tu lakini hazina uwezo wa kutengeneza kemikali ya kuviua. Kipimo cha VVU hakiwezi kuuonesha. Kipimo chake ni cha damu, hufanyika katika maabara chache, na damu yenyewe hutakiwa kufika ikiwa mbichi, hivyo mwombe daktari awasiliane na hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando jijini Mwanza, kabla ya kumtuma.

Picha ya kifua ya fangasi huweza kufanana sana na ya kifua kikuu, kwa hiyo sishangai alivyotibiwa, ila makohozi yakirudi hasi na familia ina historia kama yenu, inafaa kuuliza zaidi. Kipimo cha damu cha aspegilasi nacho mara nyingi huwa hasi kwa wagonjwa hawa, kwa hiyo huenda ikalazimu kuchukua sampuli ndani ya pafu lenyewe. Akivuta vumbi jingi kwa mkupuo, kama ilivyotokea, dawa ya fangasi kwa kawaida huambatanishwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa uamuzi wa daktari tu. Akirudishiwa dawa za kifua kikuu, mkumbusheni daktari kwamba mojawapo, rifampisini, hupunguza mno nguvu ya dawa za fangasi itrakonazo na vorikonazo.

Akipona, na ugonjwa ukithibitika, atahitaji itrakonazo na kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, kila siku kwa kinga. Samadi, mboji, nyasi kavu zilizovunda na ghala lenye ukungu awaachie wengine. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Sasa wewe. Aina inayojulikana zaidi hupitia kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Mama akiwa mbebaji wa kasoro hiyo, nawe una nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Mweleze mkunga mapema, ili ukijifungua mtoto wa kiume asichanjwe BCG, chanjo ya kifua kikuu, kabla daktari hajashauri, kwa kuwa chanjo hiyo ina vimelea hai. Tena muulize mama kama kaka yako alivimba kwapani baada ya kuchanjwa. Jibu lake litamfaa sana daktari.