Magogo ya Kuokota: Maswali ya Wafuga Samaki wa Mapambo

Mvua za masika zikishakatika, maswali ya aina moja huongezeka. Mito imeteremsha miti, bahari na maziwa yameitema, na kila mfuga samaki anayepita ufukweni anaona pambo la bure. Safari hii nimekusanya maswali ya miti peke yake, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Fundi, nimeokota tawi zuri sana ufukweni, jeupe, laini, limepindapinda. Nikilichemsha nusu saa, linafaa kuingia kwenye tangi la samaki wa maji baridi? (Msomaji, Tanga)

Dada, nusu saa ya moto inaua vilivyoko juu juu tu. Chumvi iliyokwisha kupenya ndani hutolewa na maji mengi na muda. Lizamishe zima kwenye pipa la maji ya bomba, lilaze chini ya jiwe lisielee, na umwage maji yote kila baada ya siku mbili tatu. Tawi la unene wa kidole gumba lipe wiki mbili au tatu. La unene wa mkono lipe mwezi, hata zaidi.

Utajuaje kuwa chumvi imekwisha? Kama una kile kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) wanachotumia mafundi wa mashine za kuchuja maji, pima maji ya bomba, kisha pima ya pipa baada ya mti kulala humo siku nzima. Tarakimu zikikaribiana, umemaliza. Kama huna, chukua kipande cha kioo kisafi, dondosha tone la maji ya bomba upande mmoja na tone la maji ya pipa upande wa pili, uyaache juani yakauke. Maji mengi ya pwani yana chokaa, kwa hiyo matone yote mawili huenda yakaacha duara jeupe. Unachotazama ni kama duara la pipa bado ni zito kuliko la bomba.

Sasa geuza tawi utazame ncha zake. Mti uliokaa baharini mara nyingi una matundu ya mviringo, mengine yanaingia kalamu ya risasi. Ni kazi ya wale "minyoo" wanaotafuna majahazi, ambao hasa ni jamaa ya chaza mwenye mwili mrefu. Ukikata kwa msumeno utaona njia zao ndani, zimepakwa ganda jembamba jeupe. Dondoshea siki: litachemka povu, maana ni chokaa tupu. Chokaa hiyo itapandisha ugumu wa maji yako polepole, na hilo si kubwa. Kubwa ni mnyama aliyefia humo ndani. Ataoza tangini, amonia itapanda, na asubuhi utawakuta samaki wote wako juu wanahema. Mimi tawi lenye matundu mengi naliacha pale pale, kwani ufukwe hauishiwi miti.

Kuchemsha kuje mwisho, mti ukishatoa chumvi: saa moja au mbili, ukiugeuza kama sehemu yake imebaki nje ya maji. Usichemshe kutwa nzima, unaulainisha bure.

Rafiki yangu mvuvi amenipa kipande cha ubao wa jahazi lililovunjwa. Kina rangi ya zamani na misumari. Kitapendeza sana nyuma ya samaki wangu wadogo, gapi. (Bagamoyo)

Kitapendeza ukutani, kaka. Fikiria maisha ya ubao ule: umepakwa sifa ya papa, chini umepakwa shahamu ya mafuta na chokaa, maungio yamekalafatiwa kwa pamba yenye mafuta, na miaka ya karibuni pengine umepigwa rangi ya kuzuia viumbe vya baharini visiote. Rangi za namna hiyo kwa kawaida hutiwa shaba, na shaba kidogo tu inatosha kuua konokono na kamba wadogo wa tangi. Huwezi kuichemsha ikatoka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanauliza "nichemshe saa ngapi" kabla ya kuuliza mti ulikuwa wapi na ulikuwa nani. Moto unaua vyenye uhai. Metali, lami na mafuta ya mashine vinabaki. Kwa hiyo nguzo ya umeme iliyoanguka, hata ikiwa imekaa mtoni miaka, usiiguse: nguzo hizo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na ndiyo maana nyingi zina ukijani. Nyingine hutiwa kreosoti, ile nyeusi inayonuka lami. Mataruma ya reli vivyo hivyo. Kipande chochote chenye tundu la msumari, pembe zilizokatwa mraba au harufu ukikikwangua, kirudishe.

Mimi niko Mwanza. Naogopa kuleta kichocho nyumbani kwa mti wa ziwani. Je, ni hofu ya bure? (Mwanza)

Si ya bure, lakini iweke mahali pake. Hatari kubwa iko kwako wakati unaingia majini kuufuata mti, hasa kwenye magugu karibu na watu wanapooga na kufulia. Vijidudu vya kichocho vinaogelea humo na vinapenya ngozi. Okota ulioko nchi kavu, uliokauka. Vijidudu vyenyewe vikiwa nje ya mwili wa mtu au konokono havivuki siku mbili hivi.

Konokono ndiye mgumu. Wapo wadogo, wenye gamba bapa lililoviringika, wanaojificha kwenye nyufa na kustahimili ukavu kwa wiki nyingi. Mayai yao yako ndani ya ute mwangavu ambao huuoni mti ukiwa mchafu. Kwa hiyo mti wa ziwani usugue kwa brashi ngumu, toa gome lote, toa mizizi ya gugumaji iliyojifunga, uanike juani mpaka upige mlio mkavu ukigongwa, kisha uuchemshe. Kwa mti wa ziwani kuchemsha hakuna mjadala. Ambao hauingii sufuriani, umwagie maji yanayotokota mara kadhaa kila upande, uufunike kwa gunia ushike joto. Wewe mwenyewe usitie mti kwenye oveni: unaweza kushika moto.

Sufuria isiwe ya kupikia. Debe safi linatosha, mradi halikuwa la rangi wala la dawa ya mifugo.

Nimeloweka wiki mbili, nimechemsha, bado linaelea! (Mombasa)

Linaelea kwa sababu limejaa hewa. Ulipochemsha, ulilitoa likiwa moto, sivyo? Liache lipoe humo humo. Joto linafukuza hewa na kuijaza mvuke. Mvuke ukipoa unasinyaa na kuvuta maji ndani. Ukilitoa likiwa moto linavuta hewa ya jikoni. Rudia mara mbili tatu.

Likikaidi, lifunge kwenye bapa la jiwe kwa skrubu ya chuma kisichoshika kutu, jiwe ulizike chini ya mchanga. Au mshipi wa kuvulia, fundo mbili, hauonekani. Kitu kimoja usifanye: kulibana gogo kavu kati ya kioo na kioo ili lisipande. Mti ukinywa maji unavimba, na kioo hakivimbi.

Maji yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Samaki wangu watakufa? (Mbagala, Dar es Salaam)

Hawatakufa, mama. Ile ni tanini, ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye chai. Samaki wengi wa mtoni wamezaliwa katika maji ya namna hiyo. Usipoipenda, badilisha robo ya maji kila wiki na uweke mkaa maalum wa filta, si wa jikoni. Maji ya bomba yalaze usiku mzima kwanza klorini ipae.

Na kwa taarifa yako, wenzetu wa Ulaya wananunua majani makavu ya mkungu, kila jani kwa bei yake, ili tu wapate maji ya rangi hiyo. Wewe mkungu unao uani unaufagia kila asubuhi.

Tangu niweke gogo, pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) inashuka kila wiki. Nilisoma kwamba miti haibadilishi pH kiasi hicho. (Nairobi)

Inategemea maji yako. Mwenzako wa Mombasa anayetumia kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hataona kitu, maana chokaa iliyomo inaimeza asidi ya mti. Maji ya Nairobi yanayotoka milima ya Aberdare, kupitia Ndakaini na Sasumua, ni laini, hayana cha kuizuia. pH ikishuka chini ya 6 bakteria wa filta wanazorota, na hapo uchafu wa samaki haumalizwi.

Nenda duka la vyakula vya mifugo ununue maganda ya chaza yaliyosagwa, yale wanayolishiwa kuku wa mayai. Yawe maganda matupu, yasiwe yamechanganywa na chakula. Yaoshe, weka konzi moja kwenye soksi safi ndani ya filta, upime baada ya wiki. Anza kidogo, maana kupandisha pH ghafla kunaumiza zaidi ya kuiacha ilivyo.

Utando mweupe kama makamasi umefunika mti mzima. (Tumeulizwa na wengi)

Ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti mpya. Haudhuru samaki. Usugue kwa mswaki, ufyonze kwa mpira, urudie. Baada ya wiki chache chakula chao kitakwisha. Lakini ukibonyeza mti kwa bisibisi na ncha ikazama, au ukinuka yai bovu, huo umeoza. Utoe.

Ni miti gani inafaa, na ipi ni mwiko? (Kilifi)

Kama mti wenyewe unautambua, umebahatika. Mingi ya ufukweni imekwisha kupoteza sura. Ninaoupenda ni mpera: mgumu, matawi yake yana mikunjo, na haunuki. Mti wa mkoko nao ni mzito na unadumu, ila utatoa tanini miezi mingi. Magome ya mikoko ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa ng'ambo kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Usikate mkoko, hata uliokufa ukiwa bado umesimama. Mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi tangu 1932, na Tanzania nako kuikata kunahitaji kibali. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi usiokote chochote, hata kijiti.

Mnazi haufai, ndani ni nyuzi zinazooza. Lakini kifuu cha nazi, kikikwanguliwa nyama yote na kuchemshwa, ni pango zuri kwa samaki wadogo kuliko mapambo mengi ya plastiki.

Mwiko: msonobari, mkaratusi na mtarakwa kwa sababu ya utomvu na mafuta yao. Mwarobaini pia, maana dawa yake inaua wadudu, na kamba wako ni ndugu wa wadudu. Mnyaa usiusogeze kabisa. Utomvu wake umetumika kuvulia samaki kwa sumu, sawa na utupa. Mwisho kabisa ni vinyago vya mpingo. Mpingo unazama wenyewe, ndiyo, lakini kinyago cha sokoni kimeng'arishwa, mara nyingi kwa rangi ya viatu.

Nafuga samaki wa Tanganyika wa kwenye mawe. Naweza kuwawekea gogo? (Kigoma)

Unaweza, ila kwa nini? Ziwa lako lina pH karibu na 9 na maji magumu, na samaki hao wamezoea miamba. Gogo litakuwa linavuta upande wa pili kila siku. Wapangie mawe, na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe watafutie makombe matupu ya konokono wa ziwani. Yachemshe pia.

Jik je? Inaharakisha? (Msomaji, Morogoro)

Inaharakisha kuua vijidudu, na mti unainywa pia, kisha unaitapika tangini. Kwa mawe, sawa, ukiyasuuza na kuyaanika. Kwa mti, hapana. Sabuni hali kadhalika.

Samaki wangu mfyonza kioo anakwangua gogo usiku kucha. Anakula mti kweli? (Arusha)

Hasa anakula ukoga na ule utando unaoota juu ya mti, na nyuzi za mti zinaingia humo humo. Wapo jamaa zake wachache wa Amerika Kusini wanaotafuna mti wenyewe. Mwache akwangue, ni kazi yake. Utaona vumbi la kahawia likirundikana chini ya gogo kila siku: ni choo chake kilichojaa unga wa mti, kisikutishe. Ulifyonze kwa mpira unapobadilisha maji, na filta uitazame mapema kidogo kuliko ulivyozoea.