Hesabu meno kwanza: kubadili difu ya pikapu ya zamani ili ivute trela

Wadogo zangu mnaoanza gereji, na nyie wenye vipikapu vya zamani mnaonipigia kila siku "fundi niwekee difu ya mzigo", leo nimekaa hapa Ngamiani, Tanga, nasubiri sili zije kutoka Dar kwahiyo niandike yote kwa mkupuo, maana kuongea nimechoka.

Kwanza muelewe difu inafanya nini. Propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, inazungusha pinioni (gia ndogo ya ndani ya difu), pinioni inazungusha kraun (gia kubwa), kraun ndo inazungusha matairi. Kraun ikiwa na meno 41 na pinioni 10 maana yake propela inazunguka mara 4.1 tairi lizunguke mara moja. Ndo maana mafundi wakongwe husema "kumi kwa arobaini na moja". Kwenye Hilux za zamani hizi za difu ya inchi 8 utakutana na 10/41, 10/43, 9/41 na 8/39, yaani 4.1, 4.3, 4.556 na 4.875. Namba ikiwa kubwa gari inavuta zaidi, hiyo ndo mnaita difu ya mzigo, ila injini inalia zaidi kwa mwendo ule ule. Cha bure hapo hakuna.

Sasa kabla hujagusa spana muulize mwenye gari amebadili matairi? Alikuja jamaa mmoja na Hilux ya injini ya 3L, ile ya cc 2,779 isiyo na turbo, anavuta boti ya uvuvi Pangani na wakati mwingine trela la saruji na bati kupeleka Lushoto. Analalamika kutoka Mombo kupanda kule gari imekufa, anapanda na gia ya pili njia nzima, klachi keshabadili mara mbili ndani ya mwaka. Ni kama kilomita 33 tu zile lakini unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu na kona zake mnazijua. Nikaangalia chini nikakuta kavaa 265/75R16 ili gari ipendeze. Tairi la kiwandani lilikuwa 205R16, kipenyo kama sentimita 74, hili alilovaa ni sentimita 80. Gawanya hapo utaona tairi limekua kwa karibu asilimia 8 au 9, kwahiyo difu yake ya 4.1 ilikuwa inafanya kazi kama 3.77. Kamwaga hela kwenye klachi kumbe tairi ndo linakula gia.

Kwa matairi yale 4.556 ingemrudisha alipokuwa tu, ingekuwa kama 4.19. Tukaweka 4.875 ikawa kama 4.49, hapo ndo akasikia tofauti. Lakini wewe mwenye matairi madogo ya kiwandani ukiweka 4.875 ujue kwenye gia ya nne mwendo wa 80 injini iko kama 2,800 badala ya 2,400, ukienda Segera mpaka Dar kila wiki bila mzigo utanichukia na dizeli utaiona. Wa namna hiyo mimi namwambia achukue 4.556 au arudishe tairi la kiwandani tu aache difu ya watu.

Na difu haiongezi uwezo wa breki wala chesisi. Kama trela halina breki zake na gari inasukumwa ukishuka Soni, njia hiyo ya Lushoto, hiyo 4.875 itakusaidia kidogo kwa injini kushika, basi.

Kujua difu iliyopo ni ipi, usiamini mdomo wa muuza spea wala rangi aliyopaka juu. Kibati cha kwenye gari kina namba (code) ya ekseli lakini gari zetu hizi zimeshafunguliwa na watu wanne kabla yako. Fanya hivi: weka kabari tairi za mbele, inua tairi MOJA la nyuma, lingine libaki chini, gia fri, hendibreki toa. Piga chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako analala chini anahesabu propela. Akipata 41 ni 4.1, 43 ni 4.3, arobaini na tano na nusu ni 4.556, karibu 49 ni 4.875. Mara 20 kwa sababu tairi lingine limesimama kraun inazunguka nusu tu, na ukizungusha mara mbili tu 4.1 na 4.3 utazichanganya. Mimi niliwahi kuuziwa "ya mzigo" nikafunga siku nzima, jioni najaribu gari naona mbona ile ile, kuhesabu ni 4.3. Nikafungua tena usiku. Toka siku ile nahesabu meno dukani, muuzaji anune asinune.

La pili lililonitoa jasho ni fowili, gari inayovuta kwa matairi yote manne. Kama gari ni fowili lazima ubadili difu ya mbele na ya nyuma zilingane. Nilivyokuwa mgeni kwenye kazi nilibadili ya nyuma tu, nikaona mbele haitumiki sana. Mwenye gari akaenda kuvuta boti mchangani akaingiza fowili, gari ikakaza kama imeshikwa breki, krosi (kiungo) ya propela ya mbele ikapasuka. Ile krosi nililipa mimi.

Sasa kwenye kazi yenyewe, ushauri wangu kwa mgeni nunua kichwa cha difu kizima kilichotoka kwenye gari moja, usinunue kraun na pinioni peke yake. Kichwa kizima unachomoa haafu shafti (zile za kwenda matairini) pande zote mbili, unashusha propela, unatoa nati za kichwa, unabadilisha, unaweka sili mpya za haafu shafti na gasketi, umemaliza. Pia zibua kipumulio cha ekseli, kikiziba oili inasukumwa mpaka kwenye ngoma za breki halafu utaambiwa fundi hajui.

Kraun na pinioni tupu ni kazi nyingine kabisa. Ni lazima zitoke pamoja, zimesagana zenyewe, huwezi kuchukua kraun hapa na pinioni kule. Kuna shimu (kibati chembamba cha kurekebishia) chini ya kichwa cha pinioni, kuna kopo la kupondeka kati ya beringi mbili ambalo ukilikaza kupita kiasi halirudi, unanunua jipya. Uchezaji wa kraun na pinioni uwe milimita 0.13 mpaka 0.18, na huo unapimwa kwa geji ya saa, sio kidole. Halafu unapaka rangi ya bluu kwenye meno unazungusha unaangalia alama: ikikaa katikati ya jino sawa, ikizama kwenye shina la jino pinioni imeingia sana punguza shimu, ikikaa juu kwenye ncha ongeza. Niliona fundi akikaza kwa kusikiliza tu "kling" ya meno, gari ilipofika Muheza ililia kama honi ya treni, na kilio cha difu hakiponi kwa oili nzito wala kwa maganda ya ndizi jamani.

Oili ya difu ni GL-5 ya 80W-90, jaza mpaka itokee kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa imelala sawa. Gia mpya: siku ya kwanza tembea dakika 15 hivi pole pole bila mzigo, simama ipoe mpaka ushike ekseli kwa mkono, rudia. Kilomita 800 za kwanza usivute trela, halafu mwaga oili uweke nyingine, ile ya kwanza itatoka inameta meta usishtuke, shtuka ukiona vipande.

Nimesahau spidomita. Kwenye Hilux hizi inachukua mzunguko kutoka nyuma ya gia boksi kabla ya difu, kwahiyo ukitoka 4.1 kwenda 4.875 kwa tairi lile lile itasoma 95 wakati unaenda 80. Trafiki hawatakukamata, ila kilomita 100 zitaandikwa 119, na yule jamaa wa boti alikuwa anatoza wateja wake kwa kilomita, mwezi mzima hakuna aliyegundua mpaka mmoja akaja na simu yake yenye ramani.