Kabla ya kulalamika, chukua futi kamba

Kila mwaka ikifika Agosti, wadogo zangu mnaoanza kufundisha vyuo vikuu vya Marekani mnaniandikia, na swali huwa ni lile lile: "Dada, wameniweka kwenye kamati ya usawa. Nikubali?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi someni hapa.

Mimi nilikubali zote. Nilikuwa mwanamke mweusi pekee katika idara. Kamati iliyotafuta mwanamke ilinitaka, iliyotafuta mtu mweusi ilinitaka tena. Mwaka huo kipeperushi cha chuo kilitoka na picha zangu tatu, blauzi ile ile ya kitenge, kicheko kile kile. Nilimtumia mama nakala Tanga, akauliza kama chuo hakina walimu wengine.

Picha hizo hazikuonyesha mlango wa ofisi yangu. Wanafunzi weusi, hasa wasichana, walikuja hata kama hawasomi somo langu. Mmoja alikaa dakika kumi bila neno, akichanachana tishu mapajani, ndipo akasema mwalimu wake wa maabara humwita kwa jina la msichana mwingine mweusi, muhula mzima. Mtu kama huyo huwezi kumwambia arudi Jumatano. Ila muda ule nilikuwa naukata kwenye utafiti wangu, na siku ya kuombea ajira ya kudumu kinachopimwa ni utafiti. Mwaka 1994 Amado Padilla, profesa wa Stanford, aliiita hali hii kodi ya utamaduni. Kodi kweli, na risiti hupewi.

Nikaenda kwa mkuu wa idara, nikamwambia nimechoka, nimezidiwa. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akasema, "Lakini kazi hii unaiweza sana." Nikatoka na kamati moja ya nyongeza! Leo simlaumu kama zamani. Nilimpelekea uchovu, naye uchovu hana pa kuujaza kwenye fomu zake.

Niliyejifunza kwake njia nyingine sijawahi kukutana naye. Nancy Hopkins alikuwa mwanabiolojia wa MIT, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia huko Massachusetts, akaomba nafasi zaidi, futi za mraba 200 tu, aweke matangi ya samaki wake wa utafiti. Akanyimwa. Basi mama wa watu akachukua futi kamba, akaanza kupima maabara za jengo lao, nyingine amepiga magoti sakafuni. Akakuta hata wanaume waliomfuata kwa cheo wana nafasi kuliko yeye. Alipozungumza na wanawake wenzake ikajulikana kwamba kila mmoja alidhani shida ni yake peke yake. Mwaka 1994 Kitivo cha Sayansi pale kilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu, wanaume 194. Ripoti ya uchunguzi wao ilitoka 1999, na mkuu wa chuo, Charles Vest, akakiri kwa maandishi kwamba alikuwa akidhani ubaguzi dhidi ya wanawake vyuoni ni nusu kweli nusu hisia, kumbe sehemu kubwa ni kweli tupu.

Nami nikanunua kauntabuku. Tarehe, dakika, jambo gani. Majina ya wanafunzi usiandike hata kwa mafumbo, "mwaka wa pili, maabara" yatosha. Andika barua za mapendekezo, vikao, na vile vi-"nina swali dogo tu" vya kwenye korido. Andika siku hiyo hiyo, maana ukingoja Ijumaa utasahau nusu. Na daftari likae nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi.

Kuna mwingine ninayempenda kwa habari ya madaftari: Ruth Simmons, mtoto wa kumi na mbili wa wakulima maskini wa Texas, mtaalamu wa fasihi za Kifaransa, ambaye mwaka 2001 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chuo cha kundi la Ivy League, vile vyuo vinane vya kale na vya heshima vya Marekani. Chuo chenyewe ni Brown. Mwaka 2003 aliunda kamati ichunguze uhusiano wa chuo chenyewe na biashara ya utumwa. Ripoti ya 2006 inaieleza safari ya merikebu Sally, mali ya ndugu wa ukoo wa Brown, ule uliokipa chuo jina lake, iliyoondoka Rhode Island mwaka 1764. Watu 196 walinunuliwa Afrika Magharibi, na wasiopungua 109 wakafa. Nahodha alikuwa akiviandika vifo hivyo kwenye daftari lake la hesabu, na daftari lipo mpaka leo. Mimi nimezaliwa mwambao, nikisoma habari hizo lazima niweke kitabu chini kidogo.

Mtaambiwa pia mmebebwa. Nyumbani msichana akiingia sayansi huambiwa hivyo, nami nilidhani neno hilo nimeliacha uwanja wa ndege. Huku nimelikuta kwa Kiingereza. Msilijibu, litawalia muda.

Siku hizi mambo ni magumu zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia Juni 2023 vyuo kuzingatia rangi katika udahili, na Texas sheria ya kufunga ofisi za usawa vyuoni ilianza Januari 2024. Ofisi ikifungwa, wanafunzi waliokuwa wakienda huko watabisha kwako. Kwa hiyo daftari ni la lazima kuliko wakati wangu. Na ukiletewa kazi mpya usiseme hapana kwanza. Uliza, "Sawa, nitoe ipi?" kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa sisi tuliolelewa kujaza kimya kwa "samahani".

Mwaka uliofuata nilirudi kwa mkuu wa idara na karatasi moja: saa zangu upande mmoja, wastani wa wenzangu watatu waliokubali kuhesabu upande wa pili. Akavaa miwani. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akaisoma tena. Kamati mbili zikafutwa hapo hapo.

Wiki iliyofuata akaniandikia kuomba niwe mwenyekiti wa kamati mpya, ya kuchunguza mzigo wa kamati. Nikaiandika kwenye kauntabuku: dakika nne, kusoma barua na kukataa.